Kilemba cha gunia

Nane Nane imepita na nimeisikia tena: kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mheshimiwa akapiga picha na boga kubwa, akapanda gari, vumbi likabaki. Sisi tuliolelewa kwa viazi vya Njombe na Makete sentensi hiyo imeshatuchosha. Azimio la Arusha mwaka 1967, Siasa ni Kilimo mwaka 1972, Kilimo Kwanza mwaka 2009. Majina hatujawahi kupungukiwa.

Mimi nina neno moja tu: lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Nenda shambani msimu wa kuchimbua. Gunia limejaa hadi mdomoni, unadhani kazi imeisha. Thubutu! Vijana wa dalali wanalidundisha chini viazi vikae, wanaongeza. Inakuja kamba na kipande cha wavu, viazi vinapangwa juu kimoja kimoja hadi gunia linavaa kilemba, ndipo linashonwa. Hilo ndilo linaitwa gunia moja. Sheria inasema kilo 100 mwisho, na hakuna asiyeijua, dalali akiwemo.

Piga hesabu. Lumbesa ikiwa na kilo 130, aliyeuza magunia 20 ametoa kilo 600 bure. Magunia sita halali! Mbegu kanunua yeye, mbolea kaibeba yeye, dawa ya ukungu kapiga yeye, na mvua ya kule mnaijua. Halafu magunia sita yanapanda fuso kama zawadi ya harusi. Mnauliza kwa nini vijijini hakuna maendeleo? Hayo sita ndiyo mabati, ndiyo ada, ndiyo mtaji wa msimu ujao. Yameshafika Dar.

Agome? Viazi vikishatoka ardhini havisubiri, ghala hana, shule zinafunguliwa Jumatatu, na dalali akikataliwa hapa anahamia kwa jirani. Shangazi yangu aliwahi kubisha. Akajibiwa, "Sawa mama, kaa navyo." Akakaa navyo. Vilipoanza kugeuka kijani akauza kwa bei ya chini zaidi, na kilemba juu yake.

Haya, nakubali, ingawa sipendi: mfanyabiashara naye anabanwa. Mbeba mzigo, nauli ya fuso, ushuru wa njiani, ushuru wa soko, vyote kwa kawaida anatozwa kwa gunia. Ukimtoza mtu kwa gunia atalinenepesha gunia. Hata mimi ningefanya hivyo. Kijana anayelibeba mgongoni kule sokoni, huyo hata hotuba hajapewa.

Kinachonipandisha hasira ni geti la ushuru. Lori limesheheni vilemba mchana kweupe, mkusanyaji anahesabu magunia, anakata risiti, kizuizi kinapanda. Halmashauri imeibiwa huku inatazama! Baadaye inalalamika mapato hayajatimia, kwa hiyo barabara ya kijiji haitachongwa mwaka huu, kwa hiyo dalali atapunguza bei kwa sababu barabara ni mbovu. Raha iliyoje.

Kusini korosho inapimwa kwenye mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kuuzwa mnadani kwa kilo. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kuweka mazao ghalani kwa risiti hadi yauzwe, wanayo tangu msimu wa 2007/08. Wana vilio vyao, makato na malipo kuchelewa, na kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho nje ya mfumo, haijafa. Lakini wakigombana, wanagombania bei ya kilo. Sisi tunagombana na kamba.

Ruzuku ya mbolea iliyoanza 2022, ahsante, tumeipokea. Ila mbolea inayokuza viazi vya kwenda kwenye kilemba ni ruzuku ya nani hasa?

Wekeni mzani kwenye geti, tozeni kwa kilo, tuone nani atahangaika kushona wavu. Na mzani mwingine kila kijiji kinachouza viazi. Sidhani kama bei yake inazidi posho za semina mbili. Diwani wetu nimeshamwambia. Amesema atalipeleka kwenye kikao.