Nyumba ya Vichwa Vyeusi ya Riga: ilistahili kujengwa upya?

Katika uwanja wa Rātslaukums, mji mkongwe wa Riga, mji mkuu wa Latvia, kuna majengo mawili yaliyopakana. La kwanza lina ukuta wa mbele wa matofali mekundu unaopanda kwa ngazi hadi kileleni, nakshi za mawe meupe, sanamu nne na saa kubwa ya kale. Ndilo linalopigwa picha kuliko yote. La pili ni jengo jeusi la mstatili lisilo na pambo lolote, lenye makumbusho ya miaka ambayo Latvia ilikaliwa na Wasovieti na Wanazi. Watalii wengi huliona kama doa kwenye uwanja wa kihistoria. Lakini lile jeusi lilijengwa na Wasovieti mwanzoni mwa miaka ya 1970, na lile jekundu lilikamilika mwaka 1999. Linaloonekana kuwa la kale ndilo changa.

Jengo hilo jekundu huitwa Melngalvju nams, yaani Nyumba ya Vichwa Vyeusi. Linatajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1334. Vichwa Vyeusi kilikuwa chama cha wafanyabiashara vijana wasiooa, wengi wao Wajerumani, waliofuata nta, manyoya, katani na kitani vilivyoshuka kwa mto Daugava. Walianza kwa kulipanga, na hatimaye wakalinunua mwaka 1713. Mtakatifu wao msimamizi alikuwa Maurice, jemadari wa jeshi la Kirumi anayesimuliwa kuwa alitoka Misri, na wachoraji wa Ulaya ya kaskazini walimchora kama Mwafrika mweusi. Ndiyo maana kichwa cha Mwafrika ni nembo ya chama hicho, na hadi leo kipo juu ya mlango wa nyumba ya wenzao wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, mtaa wa Pikk. Msomaji asihitimishe kutokana na hilo kwamba wafanyabiashara Waafrika walikuwa na makao Riga. Walichokuwa nacho ni heshima kwa mtakatifu.

Mwishoni mwa Juni 1941, majeshi ya Ujerumani yalipoingia Riga, nyumba hiyo iliungua ikabaki magofu. Mwaka 1948 serikali ya Kisovieti iliyabomoa magofu yenyewe na eneo likaachwa wazi. Latvia ilipopata tena uhuru wake mwaka 1991, jiji likajiandaa kwa miaka 800 tangu kuasisiwa mwaka 1201. Ujenzi ukaanza mwaka 1995, ukakamilika mwaka 1999, miaka miwili kabla ya sherehe.

Wanaopinga kazi hiyo wana hoja nzito, na inafaa zisikilizwe kwanza. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ndio msingi wa taaluma ya uhifadhi duniani, unakataa kujenga upya magofu. Kinachoruhusiwa ni kuyarudisha mahali pake mawe ya asili yaliyoanguka. Sababu yake ni ya kitaalamu. Jengo la kale ni ushahidi. Matofali yaliyofinyangwa kwa mkono hutofautiana unene. Chokaa iliyochanganywa karne ya 14 huonyesha mchanga ulichotwa wapi. Alama za shoka kwenye boriti husema fundi alisimama upande gani. Ukuta wa mwaka 1999 hauwezi kumjibu mtafiti swali lolote kati ya hayo, hata ukiwa mzuri vipi. Utamwambia tu watu wa 1999 waliamini jengo lilikuwaje.

Hoja ya pili ni ya historia. Nafasi tupu iliyoachwa mwaka 1948 nayo ilikuwa ushahidi, wa vita na wa utawala uliobomoa hata magofu. Ukiiziba kwa nakala maridadi, mgeni anaondoka akidhani Riga ilipita karne ya 20 bila jeraha. Na ipo ya tatu, ambayo Walatvia wenyewe wameijadili: hiyo ilikuwa nyumba ya nani? Kwa karne nyingi Walatvia walizuiwa kuingia katika vyama vikubwa vya biashara vya mji wao. Wajerumani wa Baltiki walihamishwa kwenda Ujerumani mwaka 1939 na 1940, na chama kikakoma kuwepo Riga. Aliyejengewa hakuwepo tena mjini.

Sasa upande wa pili. Nyumba hiyo haikujengwa kwa kukisia. Ghala la chini ya ardhi, lenye kuta za zama za kati, lilinusurika chini ya kifusi. Lilichimbuliwa na wanaakiolojia, na jengo jipya likakaa juu yake. Kwa sehemu ya juu palikuwa na picha na michoro, kwa sababu lilikuwa miongoni mwa majengo yaliyopigwa picha sana mjini kabla ya vita. Hata umri wa pambo lenyewe ulikuwa umechanganyika tangu zamani: ukuta wa mbele ulipata sura yake ya Kiholanzi mwanzoni mwa karne ya 17, na zile sanamu nne, Neptune, Mercury, Umoja na Amani, ziliongezwa mwaka 1896 na mchongaji August Volz. Anayelilia jengo la 1334 analilia jengo ambalo hata watu wa 1900 hawakuliona.

Pia halikuishia kuwa pambo. Ngome ya Riga, makao rasmi ya rais, ilipofanyiwa ukarabati, Rais wa Latvia alihamishia ofisi yake ndani ya nyumba hiyo kuanzia mwaka 2012 hadi 2016.

Hatua chache kutoka hapo kuna kielelezo cha njia nyingine. Kanisa la Mtakatifu Petro lilikuwa na mnara wa mbao uliomalizika mwaka 1690. Radi iliuchoma mwaka 1721, ukajengwa tena kwa mbao mwaka 1746, kisha ukaungua katika mapigano yaleyale ya Juni 1941. Kati ya 1967 na 1973 ulisimamishwa upya, safari hii kwa chuma. Umbo la nje lilifuatwa, ila ndani wakaweka lifti inayompeleka mtu hadi baraza lililo mita 72 juu, na kilele kinafika mita 123. Mtu akipanda anaona mihimili ya chuma na hadanganywi na chochote. Kwa maoni yangu huo ndio ujenzi upya ulio bora zaidi Riga: umbo limerudi kwenye anga ya mji, na kila anayeingia anajua fundi ni wa karne gani. Nyumba ya Vichwa Vyeusi ina uaminifu wa namna hiyo katika ghala lake la chini tu. Anayetaka kuona kilicho cha asili ashuke huko kabla ya kupanda kwenye kumbi.

Mjadala huo ulizaa kipimo. Mwezi Oktoba 2000 wataalamu walikutana Riga na kupitisha Mkataba wa Riga kuhusu uasili na ujenzi upya. Unabaki na kanuni ya kwamba nakala ya jengo kwa kawaida huupotosha ushahidi, kisha unafungua mlango mwembamba kwa yaliyopotea kwa maafa. Jengo liwe na uzito wa pekee kwa historia ya mahali. Uchunguzi na kumbukumbu za kutosha ziwepo. Mandhari ya mji isighushiwe, kilichosalia cha kale kisiharibiwe, na wananchi washirikishwe kwa uwazi.

Pima nyumba yetu kwa masharti hayo na itapita, ingawa kwa shida kwenye mandhari, kwa kuwa uwanja unaoizunguka umejengwa upya pia: jumba la halmashauri la mwaka 2003 na nakala ya sanamu ya Roland, shujaa wa masimulizi ya kale ya Ulaya. Jumba la Watawala Wakuu la Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, lililobomolewa karibu mwaka 1801 na kufunguliwa tena kwa umma mwaka 2013, lina tatizo kubwa zaidi. Lilitoweka kabla ya kamera kuvumbuliwa, hivyo vyumba vyake vya ndani vimejazwa kwa kufananisha na majumba mengine ya enzi hiyo. Ni makumbusho mazuri yenye misingi halisi chini yake, lakini kwa kipimo cha Riga sioni yangefauluje. Na lile jengo jeusi la Kisovieti nalo ni la asili. Waliotaka libomolewe ili uwanja ufanane wote walikuwa wanataka kuondoa kitu halisi kwa faida ya nakala. Afadhali lilibakizwa, likaongezewa sehemu nyeupe iliyobuniwa na msanifu majengo Gunnar Birkerts, na likafunguliwa tena mwaka 2022.

Kinachonisumbua zaidi kiko nje ya mji mkongwe. UNESCO ilipoiandikisha Riga kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, nyumba hii ilikuwa bado inajengwa. Sifa ilikwenda kwa majengo ya Art Nouveau, mtindo wa mapambo wa mwanzoni mwa karne ya 20, kama yale ya mtaa wa Alberta aliyoyabuni Mikhail Eisenstein, na kwa nyumba za mbao za karne ya 19. Mbao zilikuwa sheria. Nje ya kuta za mji haikuruhusiwa kujenga kwa mawe, ili vitongoji viweze kuchomwa haraka adui akikaribia, na kweli vilichomwa mwaka 1812 kwa kuhofia jeshi la Napoleon. Zilizojengwa baada ya hapo bado zipo kwa maelfu, Āgenskalns, Ķīpsala na kwingineko. Hizo ni ushahidi halisi, na ndizo zinazooza.

Zinaoza kwa njia inayojulikana. Barabara huinuliwa kila inapokarabatiwa, mpaka matone ya mvua yanarukia gogo la chini kabisa, lile linalokalia msingi. Mfereji wa paa ukitoboka, maji yanateremka ukutani hadi kwenye gogo hilohilo. Kisha mwenye nyumba, kwa nia njema ya kuzuia baridi, anabandika mabamba ya povu na lipu ya saruji, na kuweka madirisha ya plastiki yanayoziba kila upenyo. Wakati wa baridi mvuke wa jikoni na wa kupumua unapenya ukutani, unakutana na ubaridi ndani yake, unageuka maji na hauna pa kutokea. Ukuta unaonekana mpya kwa nje wakati kuvu inakula magogo ndani. Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko uharibifu: rekebisha paa na mifereji kwanza, shusha udongo uliopanda ukutani, kata kipande kilichooza peke yake na ukiunganishe na mbao ya aina ileile, paka rangi ya mafuta ya kitani inayoacha mbao ipumue, na ukarabati madirisha ya zamani ya vioo viwili badala ya kuyatupa.

Kikwazo kingine ni umiliki. Baada ya 1991 nyumba zilirudishwa kwa warithi wa wenye mali wa kabla ya 1940, na mara nyingi nyumba moja iliangukia watu wengi wasioelewana. Wengine wanasubiri ianguke, maana kiwanja kitupu kina bei. Jiji hutoza hadi asilimia 3 ya thamani iliyosajiliwa kwa majengo yaliyochakaa na kuwa hatari. Ni kodi sahihi, lakini humfikia mwenye nyumba wakati gogo la chini limeshakwisha. Kuna mfano wa kuiga katika Kalnciema kvartāls, mtaa wa Kalnciema, ambako kundi la nyumba za mbao limekarabatiwa, likapewa ofisi na maduka, na Jumamosi hufanyika soko uani. Kodi za wapangaji ndizo zinazolipia rangi na mifereji ya mwaka unaofuata.