Piano ya X-27

Lawama dhidi ya Dishonored, filamu ya kijasusi ambayo Josef von Sternberg aliiongoza Paramount na ikatoka mwaka 1931, ni zilezile miaka nenda miaka rudi. Wahusika wanaongea kama watu waliomeza dawa ya usingizi. Ujasusi wake ni wa kitoto. Victor McLaglen hafai kuwa Kanali Kranau. Anayesamehewa ni Marlene Dietrich peke yake. Nyingi ya lawama hizo zina msingi. Ila wanaolaumu hukimbilia mavazi na manyoya, wakaliacha jambo zito kuliko yote: hadithi hii, miaka mitano kabla, sinema isingeweza kuisimulia.

Tuko Vienna, 1915. Mjane wa afisa wa jeshi, ambaye sasa anajiuza barabarani, anaandikishwa na mkuu wa ujasusi wa Austria na kupewa jina X-27. Anajigeuza kijakazi, anaingia makao ya Warusi, anapata mipango yao ya mashambulizi na kuificha ndani ya noti za muziki. Kranau, jasusi wa Urusi, anamnasa. Anaipiga ile karatasi kwenye piano, anagundua ina jambo, anaichoma moto. X-27 anatoroka, anarudi kwa wakuu wake mikono mitupu, anaketi kwenye piano na kuupiga muziki wote kutoka kichwani.

Sasa lipeleke tukio hilo kwenye filamu bubu. Muziki wa filamu bubu haukuwa ndani ya filamu, ulikuwa wa ukumbi. Mji huu una bendi nzima, mji ule una mpiga piano mmoja aliyechoka, na kila mmoja anapiga chake. Vidole vya jasusi vingeonekana vikicheza kwenye piano huku masikio yakisikia waltz ya mtu aliyekaa chini ya pazia. Mtazamaji angesomeshwa kwa maandishi kwamba huu ndio muziki uleule uliochomwa, naye angekubali tu, kwa kuwa ameambiwa. Ndani ya Dishonored hahitaji kuambiwa. Alimsikia Kranau akiupiga, anamsikia X-27 akiurudia, anashuhudia mwenyewe. Karatasi imekuwa majivu, na siri imebaki kwenye sauti.

Kuutegemea muziki namna hiyo mwaka 1931 ilikuwa kujitafutia shida, maana piano ndiyo chombo kinachofichua kasoro za mitambo upesi kuliko vingi. Noti ya fidla hutikisika kwa asili yake, kwa hiyo kasi ya utepe wa filamu ikiyumba kidogo sikio halitambui. Noti ya piano ikishagongwa husimama palepale ilipo hadi ife, na myumbo wowote wa kasi huigeuza kilio. Filamu ya sauti hupita fremu 24 kwa sekunde, na kila fremu ina matundu manne ya kuvutwa na meno ya gurudumu, yaani migongano 96 kwa sekunde. Migongano hiyo isipomezwa na gurudumu zito kabla utepe haujafika kwenye taa ya sauti (inayosoma sauti iliyochapwa kwenye utepe), kila noti hutoka na mkwaruzo. Tena sauti haikuchapwa kando ya picha yake, ilitangulia kwa takribani fremu 20. Mwendesha projekta akiacha kitanzi cha utepe kirefu mno, kidole kinagonga na noti inachelewa. Kwenye mazungumzo watu huvumilia. Kwenye piano, hapana.

Wanaolaumu wana hoja yao nzuri kuhusu msimbo wenyewe, kwamba ujumbe haufichiki kirahisi hivyo kwenye noti, na inafaa kuipigia hesabu. Ukiipa kila herufi noti yake, alfabeti ya herufi 26 inahitaji zaidi kidogo ya oktava mbili, ukihesabu funguo nyeupe na nyeusi (kila oktava ina saba nyeupe na tano nyeusi). Ukibaki kwenye nyeupe tu, unahitaji karibu oktava nne. Ujumbe wa maneno kumi ya Kijerumani una herufi kama 60, ambazo kwa noti nne kila bari, yaani kila kipande cha mapigo, ni bari 15, nusu ukurasa tu. Mpaka hapo mambo ni shwari. Tatizo ni herufi E, ambayo katika maandishi ya Kijerumani huchukua karibu asilimia 17. Noti moja ingejirudia kila baada ya noti tano au sita, kama kigogota kwenye mti, na yeyote aliyewahi kufundishwa muziki angeuliza huyu mtunzi ana nini. Dawa yake ni kuipa E noti nne au tano tofauti, au kuifanya kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, isimame kwa neno zima la kitabu cha msimbo. Hapo linazuka jingine: noti 60 zisizofuata melodia ni ngumu kukariri kuliko wimbo, kwa sababu vidole hukumbuka mikondo. Filamu hailijibu hilo. Inachojua ni kwamba muziki wa namna hiyo hauwezi kuwa mtamu, na ndiyo maana Kranau anaushuku akishaupiga. Tukio hilo analaumiwa nalo Sternberg, ilhali ndilo alilolifanya sawasawa.

Wanaosema kwamba ujasusi halisi haukuwa hivyo wamesema kweli. Mwaka 1914 na 1915 Austria-Hungaria iliwajua Warusi kwa kunasa redio na kuvunja misimbo yao, kazi ya watu wenye penseli na usingizi machoni. Na jasusi anayezunguka na paka wake mweusi mpaka kwenye makao ya adui amejianika mwenyewe. Sina utetezi wa paka. Ila Kanali von Hindau, msaliti anayejipiga risasi baada ya kufichuliwa, si ndoto tupu. Vienna ilikuwa na Kanali Alfred Redl, aliyefichuliwa na kujiua Mei 1913.

McLaglen, basi, wacha alaumiwe. Sternberg alimtaka Gary Cooper, aliyefanya naye filamu ya Morocco mwaka 1930, na Cooper akakataa kurudi kwake.

Kuhusu mwendo wa maneno, utetezi wa kawaida ni kwamba maikrofoni za wakati ule zililazimisha watu kuongea polepole. Utetezi huo haufai. Mwaka huohuo wa 1931 Lewis Milestone alitoa filamu ya The Front Page, ambamo maneno yanakimbizana kama mahindi ya bisi sufuriani. Kwa hiyo Sternberg alichagua, na uchaguzi wake ulikuwa na gharama: kila kimya kiliacha mvumo wa utepe usikike, na mbinu za kuupunguza ndiyo kwanza zilikuwa zinaenea. Mwongozaji mwoga angezijaza nafasi hizo kwa maneno. Yeye aliziacha wazi, na katika filamu ambayo siri yake imo kwenye muziki, mtazamaji aliyezoeshwa kimya ndiye atakayesikiliza piano ikianza.

Kuna wakati mpango huo unamshinda. Kule kwenye sherehe ya vinyago, kimya hakisubirishi kitu, kinachosha tu.

Lakini tazama mwisho. X-27 amehukumiwa kwa kumwachia Kranau atoroke, na amesimama mbele ya kikosi cha risasi. Luteni kijana anatupa upanga na kupaza sauti kwamba hataua mwanamke, kwamba hii si vita, ni uchinjaji. Hotuba ni ndefu na ina chumvi nyingi, wakosoaji wameicheka sana. Ila anapoendelea kufoka picha haiko kwake. Iko kwa mwanamke, ambaye ametumia nafasi hiyo kujipaka rangi ya mdomo. Afisa mwingine anashika nafasi ya luteni, na bunduki zinalia.