Kupima Zebaki Bila Kumuua Samaki: Inapofaa na Isipofaa
Kwa muda mrefu, kumpima samaki wa maji baridi kama ana zebaki kulihitaji auawe kwanza. Katika ziwa dogo lenye samaki wakubwa wachache, mtafiti anayerudi kila mwaka hupunguza kundi lile lile analotaka kulielewa.

Huko Ontario, Kanada, watafiti waliotia isotopi za zebaki (atomi za zebaki zinazotofautiana kwa uzito) katika Ziwa 658 kuanzia 2001 hadi 2007 walimkata paiki, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, kipande kidogo tu cha mnofu, kisha wakamrudisha majini akiwa hai. Samaki yuleyule akivuliwa tena baada ya miaka, mtafiti huona jinsi kiwango cha zebaki kilivyobadilika katika mwili mmoja, na kwangu hiyo ndiyo hoja yenye uzito zaidi kuliko huruma yenyewe.

Mnofu ndio unaoliwa, na katika samaki wawindaji karibu zebaki yake yote ni methili-zebaki, aina inayodhuru ubongo wa mtoto tumboni. Mashine zinazochoma sampuli na kupima mvuke wake hutosheka na makumi ya miligramu. Hata hivyo, kipande kidogo hukauka upesi, na maji yakipotea kiwango huonekana kikubwa kuliko kilivyo, kwa hiyo ni salama zaidi kukokotoa kwa uzito mkavu. Samaki mdogo naye hahimili kidonda hicho.

Wengine hupendelea kukata ncha ya pezi, ambayo humjeruhi samaki kidogo zaidi. Lakini zebaki ya pezi ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mnofu, na uwiano wake hutofautiana kwa kila aina ya samaki, hivyo ni lazima kwanza baadhi wapimwe pezi na mnofu pamoja. Marekani iliweka mwaka 2001 kigezo cha miligramu 0.3 za methili-zebaki kwa kilo ya samaki; karibu na mpaka huo, nisingemwambia mama mjamzito ale au asile kwa kutegemea pezi peke yake.

Wanaotetea njia ya zamani wanasema kweli kwamba samaki aliyepasuliwa hutoa pia ini, chakula kilichomo tumboni na jiwe la sikio linaloonyesha umri, na umri ni muhimu kwa kuwa zebaki huongezeka kadiri samaki anavyoishi. Magamba hukadiria umri, ila kwa samaki wazee hukosea.

Katika Ziwa Victoria, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita hutumia zebaki, sangara hufika mwaloni akiwa amekwisha kufa. Kumkata mnofu hapo hakuongezi kifo chochote, na fedha za vifaa vya kumhifadhi hai zingefaa zaidi kupima sangara wengi, wadogo kwa wakubwa, kutoka mialo mbalimbali.