Simba wa Asilimia 56 na Shemeji Yangu Mkosoaji

Hapa Katuba, mwanafunzi akipata asilimia 56 katika mtihani wa Serikali, mtaa mzima haulali. Humwagiwa poda nyeupe kuanzia utosini, mama zake wadogo hupiga vigelegele, na baba yake hukopa kreti ya bia ambayo hajui atailipa lini. Sasa nielezwe, ndugu zangu wa Lubumbashi: kwa nini filamu ya Mufasa, iliyotoka Desemba 2024 na kupata alama zinazozunguka hapo hapo kwa wakosoaji, ihesabiwe kuwa nyanya iliyooza?

Habari hiyo niliipata kwa shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kwa siku chache tangu Pasaka, na ambaye hawezi kuwaacha watu watazame filamu kabla hajawasomea kwenye simu yake wengine wamesema nini. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ilikuwa inanguruma uani ikinywa esansi niliyoilipia mimi, flashi ilikuwa imekwisha kuchomekwa, na yeye bado anasoma. Alisema kwamba Rotten Tomatoes, yaani Nyanya Zilizooza, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji, hudai asilimia 60 ndipo filamu iepuke kuoza. Nilipouliza nani alisahihisha, alinieleza kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na darasa kwamba hiyo si alama ya filamu hata kidogo, bali ni hesabu ya wakosoaji walioipenda; yaani filamu ambayo wote wameiona nzuri kiasi tu yaweza kupata 100, na ile ambayo nusu yao wanaiabudu ikaoza.

Lawama yangu mimi ni nyingine. Filamu inasimulia ujana wa Mufasa, yatima aliyechukuliwa na mafuriko akalelewa na familia ya Taka, huyo atakayekuja kuitwa Scar. Aliyeona The Lion King, filamu ya 1994, anajua Mufasa atakufa vipi na kwa mkono wa nani, kwa hiyo adui yake Kiros na simba wake weupe walipomkimbiza, aliyefumba macho ni mtoto wangu wa mwisho peke yake; mama watoto aliendelea kuchambua maharage bila kuinua kichwa. Wakosoaji nao walinung'unika kwamba filamu inajitaabisha kueleza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza, kama vile Rafiki, yule nyani anayesimulia hadithi, alivyoipata fimbo yake.

Walilalamika pia kuhusu nyuso za simba, na hapo nawaunga mkono kabisa. Kompyuta zimechora mpaka sharubu ya mwisho, lakini simba wa kweli hanuni wala hatabasamu. Taka alipoanza kumwonea ndugu yake wivu kwa ajili ya simba jike Sarabi, mtoto aliniuliza, "Papa, aliyekasirika ni yupi?" Nikamwambia angoje waimbe. Wakaimba, na nyimbo za Lin-Manuel Miranda zikapita zilivyopita. Za Elton John, za ile ya 1994, mama watoto huziimba hadi leo akifua.

Walakini watazamaji wa Marekani, walipoulizwa wakitoka ukumbini, waliipa A yenye alama ya kutoa, na ingawa wikendi ya kwanza huko ilizidiwa na filamu ya Sonic, mwishowe ilikusanya zaidi ya dola milioni 700 duniani. Shemeji aliipita sehemu hiyo haraka sana.

Alichokisoma kwa raha ni lawama juu ya wachekeshaji Timon na Pumbaa, nguchiro na ngiri, ambao humkatiza Rafiki kila hadithi inapoanza kunoga, na kwa mizaha inayowahusu wao wenyewe. Wakati huo huo Rafiki alikuwa anazungumza kwenye televisheni na hakuna aliyemsikia. Mama watoto aliweka chini ungo wa maharage, akamtazama mdogo wake.

"Hebu rudia hapo," akasema.

Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

Kisha esansi ikaisha, filamu ikiwa imebakiza dakika chache. Shemeji alisema kwamba mkosoaji wa kweli hawezi kutoa alama kwa kazi ambayo hajaimaliza, akanikabidhi bidoni tupu.