Dawa za kulinda ubongo zijaribiwe kwa panya wazee na wagonjwa

Mshipa mkubwa wa damu ukiziba kichwani, yaani mtu akipata kiharusi, ubongo haufi wote papo hapo. Katikati kuna sehemu inayokufa ndani ya dakika chache. Kuizunguka kuna ukanda uitwao penumbra, ambao bado unaambulia damu kidogo kutoka mishipa jirani: seli zake zimesimamisha kazi lakini ziko hai. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanasema mgonjwa wa aina hii asipotibiwa hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Kwa miongo kadhaa watafiti wametafuta dawa ya kuushikilia ukanda huo, na karibu kila mara wametoka mikono mitupu. Mimi bado naamini dawa hiyo inawezekana. Ila tumekuwa tukiitafuta vibaya.

Wazo lenyewe lina mashiko. Seli iliyokosa oksijeni na sukari huishiwa nguvu, ikamwaga glutameti, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupelekeana ujumbe. Glutameti hufungua milango ya kalsiamu kwenye seli jirani, na kalsiamu ikijaa huamsha vimeng'enya vinavyoibomoa seli kutoka ndani. Ukiufunga mlango mmoja, seli hupona. Kwa panya ilikuwa hivyo, tena mara nyingi mno. Mapitio mengine ya mwaka huohuo wa 2006 yalihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimefanyiwa majaribio, na kati yake 114 zilikuwa zimefika kwa binadamu. Dawa iliyoitwa NXY-059 ndiyo iliyopewa matumaini makubwa zaidi. Jaribio lake la kwanza lilileta matokeo mazuri, la pili, kubwa zaidi, likayafuta.

Sasa mtazame huyo panya. Ni kijana, mara nyingi dume, hana shinikizo la damu wala kisukari. Mtafiti anamwingizia uzi mwembamba mshipani, anajua dakika kamili damu iliposimama, na dawa anampa baada ya muda mfupi, pengine hata kabla. Mgonjwa wetu ana miaka sabini, ameishi na shinikizo kwa muda mrefu, na saa zimekwisha kupita hadi afike hospitali. Tena panya hulala mchana, na mchana ndipo maabara hufanya kazi. Mwaka 2020 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba tiba tatu zilizopunguza madhara kwa panya waliopata kiharusi katika saa zao za kulala hazikufanya hivyo katika saa zao za kuwa macho. Binadamu wengi hupata kiharusi wakiwa macho, mchana. Jambo hili linanikera kuliko mengine yote, kwa sababu kulichunguza mapema kusingehitaji mashine yoyote mpya.

Wapo wanaosema kosa ni kuchelewa tu. Hilo lilipimwa Marekani katika jaribio la FAST-MAG: wagonjwa 1,700 walianzishiwa magnesiamu, iliyotarajiwa kulinda ubongo, au plasebo (dawa bandia ya kulinganishia) wakiwa bado kwenye ambulensi, wengi wao ndani ya saa la kwanza. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 hayakuonyesha nafuu yoyote. Naona kasi peke yake haitoshi, maana dawa husafiri kwa damu, na palipoziba damu haipiti.

Ndiyo maana nayapa uzito majaribio ya kutoa dawa pamoja na kuondoa bonge la damu kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa mshipani, tiba iliyothibitika mwaka 2015. Nerinetaidi, dawa nyingine ya kulinda ubongo, ilijaribiwa hivyo kwa wagonjwa 1,105. Kwa ujumla haikusaidia, ingawa wasiopewa alteplase, dawa ya kuyeyusha bonge, walionekana kufaidika. Maelezo yalikuwepo: alteplase huzalisha plasmini, kimeng'enya kinachoyeyusha bonge, na plasmini huikatakata nerinetaidi. Jaribio lililofuata, la wasiopewa alteplase, halikuithibitisha faida hiyo. Inauma, lakini angalau swali liliulizwa sawasawa.

Marekani pia kuna mtandao wa maabara, SPAN, uliopima tiba sita kwa pamoja kwa panya vijana, wazee, wanene na wenye shinikizo la juu, wa kiume na wa kike, bila wapimaji kujua nani kapewa nini. Asidi ya uriki pekee ndiyo iliyovuka mchujo huo. Kwangu mimi, dawa isiyopita mchujo wa namna hiyo isiguse binadamu.

Maana zipo dawa zinazoendelea kutumiwa bila uthibitisho. Sitikolini ilipimwa kwa wagonjwa 2,298 katika jaribio la ICTUS, matokeo yakatoka mwaka 2012: haikuwa na tofauti na plasebo. Hata hivyo familia zilizochanganyikiwa bado huandikiwa dawa hiyo ziinunue, zikiambiwa inalinda ubongo. Ningekuwa karibu na kitanda hicho, kabla ya kuulizia dawa ya kulinda chochote ningemuuliza daktari: dalili zilianza saa ngapi, picha ya kichwa imeonyesha nini, na je, mshipa huo bado unaweza kufunguliwa? Alteplase kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.