Susa, Wenzio Wala? Hesabu ya Mabasi Matupu ya Montgomery

Mtoto akinuna mbele ya sahani huambiwa: susa, wenzio wala. Maneno hayo matatu yana hoja yote ya wanaobeza kususia kama silaha. Ukiondoka, mwingine atakalia kiti chako, na mwenye chakula hatapata hasara yoyote. Montgomery, Alabama, nchini Marekani, mwaka 1955, haikuwa na huyo mwingine. Takriban abiria watatu kati ya wanne wa mabasi ya mji ule walikuwa Weusi, na wao ndio walioyasusia kwa sababu ya ubaguzi wa viti.

(Kwetu tukio lile limezoeleka kuitwa “mgomo wa mabasi”, na msomaji asiyelijua hudhani madereva ndio waliogoma. Madereva walikuwa kazini kama kawaida. Walikosa watu wa kubeba.)

Basi lenyewe lilikuwa na viti 36. Kumi vya mbele vilikuwa vya Wazungu, hata kama hakuna Mzungu ndani na watu wamesimama wamebanana. Kumi vya nyuma viliachiwa Weusi. Hivyo 16 vya katikati ndivyo vilivyoleta balaa, maana mpaka wake aliuweka dereva, na aliuhamisha apendavyo. Sheria ndogo za jiji zilimpa madaraka ya polisi ndani ya basi. Tena Mweusi hakuruhusiwa kukaa safu moja na Mzungu, kwa hiyo abiria mmoja Mzungu akikosa kiti, safu nzima ya watu wanne iliamriwa kusimama. Ndivyo ilivyokuwa jioni ya tarehe 1 Desemba 1955: watatu walinyanyuka, mwanamke Mweusi aitwaye Rosa Parks akabaki ameketi, akakamatwa. Kuhusu nauli, abiria Mweusi aliilipa mbele, senti 10, kisha akashuka na kuzunguka hadi mlango wa nyuma. Kuna madereva walioondoa gari kabla hajaufikia.

Siku hizi watu husahau kwamba mwanzoni waliosusia hawakudai ubaguzi ufutwe. Chama cha MIA (Montgomery Improvement Association), kilichoundwa tarehe 5 Desemba, siku kususia kulipoanza, na kuongozwa na mchungaji Martin Luther King, kiliomba mambo matatu: madereva wawe na adabu, njia zenye abiria wengi Weusi zipewe madereva Weusi, na viti vijazwe kwa kuwahi, Weusi wakianzia nyuma na Wazungu mbele, asinyanyuliwe mtu aliyekwisha kukaa. Utaratibu huo wa viti ulikuwa ukitumika Mobile, mji wa jimbo hilohilo la Alabama. Hata hivyo wakili wa kampuni ya mabasi ya Montgomery alishikilia kwamba sheria hairuhusu.

Kususia kwa siku moja ni rahisi, ila siku ya pili watu wanataka kufika kazini. Teksi za Weusi zilianza kubeba watu kwa senti 10, sawa na basi. Jiji likakumbusha kwamba kisheria nauli ya chini ya teksi ni senti 45, na mlango huo ukafungwa. Ndipo viongozi wakaomba ushauri kwa Mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, Louisiana, ambako mabasi yalisusiwa Juni 1953. Wakaunda utaratibu wa magari ya kupeana lifti: magari binafsi yapatayo 300, vituo zaidi ya 40 vya kupakia asubuhi na zaidi ya 40 vya kurudishia watu jioni. Ndani ya gari hapakutolewa nauli, kwa sababu ukipokea nauli unakuwa teksi isiyo na leseni. Pesa zilichangwa makanisani na kwa wafadhili wa mbali, kisha zikaenda kwenye petroli na matengenezo. Baadaye yakanunuliwa magari ya stesheni wagoni na kuandikishwa kwa majina ya makanisa.

Utaratibu ule ulishambuliwa kupitia makaratasi. Polisi walisimamisha madereva kwa makosa madogo. King mwenyewe alitiwa ndani Januari 1956 kwa kwenda maili 30 kwa saa mahali pa 25. Bima nazo zikafutwa mara kadhaa, na gari lisilo na bima halina pa kwenda, mpaka ikapatikana bima ya Lloyd's ya London. Februari wakashtakiwa watu karibu 90 kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara bila sababu halali. King akatozwa faini ya dola 500, na gharama za kesi juu yake. Wakati huohuo meya W. A. Gayle alikuwa akiwalaumu akina mama wa Kizungu wanaowaendea watumishi wao kwa gari. Walifanya hivyo kwa sababu bila mtumishi hapikwi wala hapafuliwi.

Je, shinikizo lile lilifanya kazi? Wenye shaka wana hoja nzito, na sioni haki kuipita juu juu. Aliyeumia mfukoni alikuwa kampuni: ilipandisha nauli kutoka senti 10 hadi 15 na kukata baadhi ya njia. Lakini ufunguo haukuwa kwa kampuni, ulikuwa kwa jiji. Aprili 1956, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotupa rufaa katika kesi ya Sarah Mae Flemming wa South Carolina, aliyepinga ubaguzi wa viti basini, kampuni ilitangaza kwamba haitawatenganisha tena abiria. Jiji likakimbilia mahakama ya jimbo na kupata amri ya kuilazimisha iendelee. Kwa hiyo mfanyabiashara alikwisha kusalimu amri, mwanasiasa akakataa. Meya hakuuza tiketi. Alihesabu kura, na wapiga kura wake karibu wote walikuwa Wazungu.

Upande huo huongeza kwamba sheria ilikuwa tayari safarini. Hukumu ya Flemming ilitolewa na mahakama ya rufaa ya shirikisho Julai 1955, miezi kabla Parks hajakamatwa. Na kilichofuta ubaguzi Montgomery kisheria ni kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyofunguliwa na wakili Fred Gray tarehe 1 Februari 1956. Hakutumia kesi ya Parks, na alikuwa na sababu. Ile ilikuwa ya jinai, faini dola 10 na gharama dola 4, katika mahakama za jimbo. Ingeweza kukwama kwenye rufaa kwa miaka, au kumalizwa kwa kasoro ndogo bila katiba kuguswa. Gray alifungua kesi ya madai katika mahakama ya shirikisho na kuishambulia sheria yenyewe. Kesi ya aina hiyo ilisikilizwa na majaji watatu, na rufaa yake ilikwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Wadai walikuwa wanawake watano. Mmoja akajitoa baada ya kubanwa. Miongoni mwa wanne waliobaki alikuwemo Claudette Colvin, aliyekataa kunyanyuka tarehe 2 Machi 1955 akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Parks. Tarehe 5 Juni 1956 majaji wawili walikubali na mmoja akapinga. Mahakama ya Juu ikathibitisha tarehe 13 Novemba bila hata kusikiliza hoja.

Siku hiyohiyo, mahakama ya jimbo mjini Montgomery ilikuwa ikisikiliza ombi la jiji la kupiga marufuku magari ya lifti, na ikalikubali. Maana yake, kama hukumu ya Mahakama ya Juu huko Washington isingekuja, kususia kungelazimika kuendelea bila usafiri na bila kikomo.

Hapo mtu angetaka kufunga daftari: sheria imeshinda, miguu ilikuwa mapambo. Mimi sikubali, na sababu yangu iko kwenye kesi ya zamani zaidi. Mwaka 1946, katika kesi ya Irene Morgan, Mahakama ya Juu ilikwisha kuharamisha kuwatenganisha abiria katika mabasi yanayovuka majimbo. Mwaka 1961, miaka 15 baadaye, wanaharakati wa Safari za Uhuru (Freedom Rides), Weusi kwa Wazungu, walipopanda mabasi hayo kuelekea kusini walipigwa, na basi moja likachomwa moto karibu na Anniston, Alabama. Hukumu ilikuwepo, ila hapakuwa na umati uliojipanga kuidai kila asubuhi. Baton Rouge ni kinyume chake: watu walisusia siku nane bila kesi, wakarudi na nusu mkate, yaani viti viwili vya mbele vya Wazungu, benchi la nyuma la Weusi, vilivyobaki kwa anayewahi.

Na kesi ya Browder haikudondoka kutoka mbinguni. Januari 1956 jiji lilitangaza mapatano ya uongo na wachungaji watatu, likaumbuliwa, meya akajiunga na baraza la Wazungu wanaotetea ubaguzi. Tarehe 30 nyumba ya King ikalipuliwa kwa bomu. Siku mbili baadaye Gray akafungua kesi. Ombi la adabu na viti vya kuwahi likawa dai la kufuta sheria nzima, na mjenzi wa ngazi hiyo ni jiji lenyewe. Kama lingekubali utaratibu wa Mobile wiki ya kwanza, nina shaka kama MIA ingekwenda mahakamani mwaka ule.

Kuanzia 13 Novemba hadi amri ya mahakama ilipofika tarehe 20 Desemba, watu walitembea, au walibebana mtaa kwa mtaa. Makanisani vilipangwa viti mfano wa basi, watu wakafanya mazoezi ya kuketi na kutukanwa bila kujibu. Karatasi ya maelekezo iligawiwa: usiende kukaa karibu na Mzungu kwa makusudi kama kuna kiti kingine, ukitukanwa usitukane, ukisukumwa usisukume, siku za mwanzo panda na mwenzako. Tarehe 21 mabasi yakajaa tena, baada ya siku 381 za kususwa. Wiki moja baadaye basi lilipigwa risasi na mwanamke mjamzito, Rosa Jordan, akajeruhiwa miguu yote miwili. Jiji likasimamisha safari za usiku.