Mahindi ambayo mawe ya Sullivan hayayataji

Mwaka 1929, majimbo ya New York na Pennsylvania yalisimamisha mawe ya kumbukumbu kando ya barabara, yakifuata njia ya msafara wa mwaka 1779 wa majenerali wa Marekani John Sullivan na James Clinton, wakati wa vita ya uhuru dhidi ya Waingereza. Mawe hayo yana kibao cha shaba nyeusi chenye ramani ya mapito ya majeshi. Maandishi yake yanasema kuwa msafara huo, dhidi ya mataifa ya Wahindi Wekundu yenye uadui, ulizuia uvamizi mipakani na kupanua mamlaka ya Marekani kuelekea magharibi. Wanaotaka maelezo hayo yaongezewe huambiwa wanafuta historia. Shutuma hiyo haiwatendei haki, maana wao ndio wanaodai iandikwe zaidi.

Wanaotaka mawe yaachwe jinsi yalivyo nao wana hoja. Julai 1778, wanamgambo wa Kimarekani zaidi ya 200 waliuawa na wafuasi wa Waingereza na wapiganaji Wahindi Wekundu katika bonde la Wyoming, Pennsylvania. Novemba mwaka huohuo, raia wapatao 30, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa Cherry Valley, New York. Hofu ya familia za mpakani ilikuwa ya kweli. Isitoshe, kibao cha 1929 chenyewe kimeshakuwa ushahidi wa jinsi watu walivyoieleza vita hiyo miaka 150 baadaye.

Lakini tumsikilize Sullivan mwenyewe. Katika taarifa yake kwa Kongresi alitaja miji 40 iliyoteketezwa na mahindi ya busheli 160,000, na akasema hayo ni makadirio ya chini. Tuyaweke kwenye magunia. Busheli moja ya mahindi yaliyopukuchuliwa ni kama kilo 25, hivyo jumla ni tani 4,000, au magunia ya kilo 90 zaidi ya 44,000. Huenda aliyahesabu yangali kwenye magunzi. Basi tukate nusu nzima, bado ni magunia 22,000. Majira ya baridi yaliyofuata, wakimbizi wa mataifa hayo zaidi ya 5,000 walirundikana kwenye ngome ya Waingereza ya Niagara, wakingoja mgao. Hata kwa ile nusu, kila mmoja wao anafikiwa na magunia zaidi ya manne yaliyoharibiwa. Mtu akila nusu kilo kwa siku, hicho ni chakula cha miaka miwili na ushei.

Chakula kingi namna hiyo hakiteketei kwa bahati mbaya. Amri ya George Washington ya tarehe 31 Mei 1779 ilitaka makazi yasitekwe tu bali yaangamizwe, mazao yaliyo shambani yaharibiwe na wenyewe wazuiwe kupanda tena. Pigano kubwa lilikuwa moja tu, la Newtown, tarehe 29 Agosti. Siku nyingi jeshi lilikuwa likifyeka mahindi na kukata mipichi na mitufaha. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa msafara wenyewe, na kibao hakina hata mstari mmoja juu yake.

Hata kijeshi maandishi yanayumba. Mashambulizi hayakukoma: Oktoba 1780, John Johnson, kamanda wa upande wa Waingereza, na Joseph Brant, kiongozi wa Wamohawk, waliteketeza mashamba ya mabonde ya Schoharie na Mohawk. Tena Waoneida wengi, ambao ni sehemu ya Haudenosaunee, umoja wa mataifa sita ya Wahindi Wekundu ulioshambuliwa na msafara huo, walikuwa upande wa Wamarekani, na baadhi yao walimwongoza Sullivan njia.

Pennsylvania ilishaondoa kibao kimoja huko Pittsburgh, kilichosema ushindi wa 1758 wa John Forbes, jenerali wa Uingereza, dhidi ya Wafaransa ulisimika ukuu wa Waanglo-Saksoni. Kwa sentensi kama ile, kuondoa kulifaa. Kwa mawe ya Sullivan, kibao cha pili kinafaa zaidi. Shaba iliyokwisha kusubiwa haihaririwi. Kubadili neno moja ni kutengeneza kalibu mpya ya mchanga na kumimina upya. Kibao cha alumini kilichopakwa rangi ni chepesi na nafuu zaidi.

Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni mahali: kibao kipya kikisimama mita 200 mbele, dereva aliyeegesha kusoma cha kwanza hatakiona. Viwe kwenye maegesho yaleyale, na nguzo ichimbiwe zaidi ya mita moja, la sivyo ardhi inayoganda na kuyeyuka kila mwaka itaisukuma juu. La pili ni maneno. Virginia huweka ukomo wa maneno kama 100 kwa kibao kimoja, nayo yanatosha: Wyoming na Cherry Valley, amri ya 31 Mei, miji 40, mahindi, wakimbizi wa Niagara, mashambulizi ya 1780. Kitakachotakiwa kukatwa kwanza, nafasi ikibana, kitakuwa mahindi, kwa kuwa yanaonekana kama jambo dogo la shambani. Hayo ndiyo yasiguswe, na tarakimu yake iandikwe kamili, pamoja na jina la jenerali aliyeitoa.